Mchezo wa upelelezi wa matembezini: mwongozo kamili wa kuuandaa kwa kompyuta ya nyumbani

Wanaojaribu kuandaa mchezo wa upelelezi kwa ajili ya familia au marafiki hukwama karibu wote mahali pale pale. Washiriki hufika kituo cha tatu wakiwa na rundo la karatasi, hawajui ipi ina uzito na ipi ni pambo, na mwandaaji huanza kuwanong'oneza majibu ili siku isiharibike. Lawama huangukia mafumbo, eti yalikuwa magumu mno. Kwa maoni yangu kosa huwa limekwisha kufanyika mezani siku kadhaa kabla, pale mwandaaji alipoanza kuandika vidokezo wakati hajajua hukumu yake itasimama juu ya nini.

Mwongozo huu unaanzia kwenye hukumu na kurudi nyuma hadi mlangoni. Unakusudia mchezo wa vikundi vya watu watatu hadi watano, wenye umri wa miaka 10 na kuendelea, katika bustani ya umma au eneo lingine la wazi, kwa muda wa saa mbili hivi. Hatua za 2 na 3 ndizo zinazoamua kila kitu. Ukizifanya kwa haraka, hakuna ustadi wa kuchapisha utakaokuokoa.

Vitu vya kuwa navyo

Kompyuta yenye programu ya kuandikia na programu ya lahajedwali, yaani ya kupangia majedwali, inatosha. LibreOffice ni ya bure na ina zote mbili, yaani Writer na Calc, na inaweza kutoa faili za PDF bila kuongezewa kitu kingine.

Utahitaji pia printa, au mahali pa kuchapishia, karatasi za A4, bahasha, mifuko angavu ya plastiki ya kuhifadhia karatasi, kamba laini, kalamu za risasi, kwa kuwa kalamu za wino hugoma kwenye karatasi yenye unyevu, na ramani ya eneo. Ramani ya OpenStreetMap inaweza kuchapishwa bila malipo, ilimradi uandike pembeni kwamba data imetoka kwa wachangiaji wa OpenStreetMap, kama leseni yake inavyotaka.

Kitu cha mwisho ni mtu mmoja ambaye hatashiriki siku ya mchezo. Huyu ndiye utakayemjaribia kila kitu, kwa hiyo asisikie neno lolote kuhusu kisa kabla ya wakati wake.

Hatua ya 1: Andika hukumu kabla ya kisa

Fungua ukurasa mtupu na uandike sentensi moja tu inayosema nani alifanya, alifanya nini, wapi, na lini. Katika mwongozo huu nitatumia mfano huu hadi mwisho: Dereva wa klabu ya drafti alichukua kikombe cha ubingwa kutoka kabatini saa tisa alasiri.

Sababu ya kuanza hivi ni rahisi. Mpelelezi hutoka kwenye dalili kuelekea kwa mkosaji, lakini mtunzi lazima atoke kwa mkosaji kuelekea kwenye dalili. Mtunzi akifuata njia ya mpelelezi, atajikuta na dalili za kuvutia zinazoelekea kwa watu watatu tofauti.

Usichague mauaji kwa mchezo wenye watoto. Wizi, hujuma ya mashindano au barua isiyo na jina huleta msisimko uleule, na washiriki hucheka kwa uhuru zaidi.

Umefanikiwa ikiwa sentensi yako haina neno "labda".

Hatua ya 2: Chora jedwali la washukiwa

Washukiwa watano wanatosha. Wakiwa watatu, kikundi kitabahatisha; wakizidi sita, watoto watasahau nani ni nani. Wape vyeo badala ya majina ya watu, kwa sababu cheo hukumbukwa upesi na hakimgusi mtu yeyote aliyepo.

Sasa chagua masharti matatu ambayo mkosaji peke yake anayatimiza yote. Katika mfano wetu, mwizi alikuwa na ufunguo wa kabati, alikuwa ndani ya jengo saa tisa, na hutumia mkono wa kushoto. Jaza lahajedwali hivi, mshukiwa mmoja kwa kila mstari:

Mhasibu: ana ufunguo, alikuwa ndani, hutumia mkono wa kulia.
Mpiga Picha: hana ufunguo, alikuwa ndani, hutumia mkono wa kushoto.
Mtunza Bustani: ana ufunguo, alikuwa nje, hutumia mkono wa kushoto.
Mpishi: hana ufunguo, alikuwa nje, hutumia mkono wa kushoto.
Dereva: ana ufunguo, alikuwa ndani, hutumia mkono wa kushoto.

Tazama jinsi jedwali hili lilivyopangwa. Mhasibu, Mpiga Picha na Mtunza Bustani kila mmoja anaanguka kwa sharti moja tu, na kila mmoja kwa sharti tofauti. Maana yake ni kwamba hakuna sharti la ziada: ukifuta safu ya ufunguo, Mpiga Picha anabaki pamoja na Dereva na kesi haina jibu. Mpishi anaanguka kwa masharti mawili kwa makusudi, ili kikundi kimwondoe mapema na kipate moyo wa kuendelea.

Onyo: usimpe mkosaji sura ya ajabu, hasira, au sababu ya wazi ya kutenda kosa ambayo wengine hawana. Wape washukiwa wote sababu inayofanana, kwa mfano kila mmoja aliwahi kunyimwa kitu na klabu. La sivyo watamkisia mkosaji katika barua ya kwanza na kutembea mwendo wote uliobaki kama wanaokwenda kusaini karatasi.

Umefanikiwa ikiwa ukificha safu yoyote moja ya jedwali, wanabaki angalau washukiwa wawili, na ukiirudisha anabaki mmoja.

Hatua ya 3: Kipe kila kithibitisho njia mbili

Hapa ndipo michezo mingi hufia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Orodhesha mambo yote ambayo kikundi lazima kiyajue ili kimfikie Dereva. Katika mfano wetu ni mambo manane. Matatu ya kwanza yanahusu tukio: mwizi alitumia ufunguo bila kuvunja, kitendo kilifanyika ndani ya jengo saa tisa, aliyekifanya hutumia mkono wa kushoto. Manne yanahusu wasio na hatia: Mhasibu hutumia mkono wa kulia, Mpiga Picha hana ufunguo, Mtunza Bustani alikuwa nje, Mpishi hana ufunguo. La nane ni kwamba Dereva alikuwa ndani, ingawa mwenyewe atadai kwamba alikuwa nje akisafisha gari.

Kila jambo kati ya hayo manane linahitaji vidokezo visivyopungua viwili, vilivyowekwa katika vituo viwili tofauti. Mwandaaji anayeweka kidokezo kimoja kwa kila jambo anategemea kwamba washiriki wataona kila kitu, wataelewa kila kitu, na upepo hautachukua karatasi hata moja. Washiriki husoma kwa haraka, hubishana, na hupuuza karatasi wanayodhani ni pambo. Huo ni mwenendo wa kawaida wa watu walio katika furaha, na mchezo unapaswa kuuhimili.

Tengeneza jedwali la pili katika Calc: mistari minane ya mambo, na safu sita za vituo. Weka alama ya "x" mahali ambapo kituo kina kidokezo cha jambo husika. Mwishoni mwa kila mstari tumia kanuni ya COUNTIF kuhesabu alama hizo. Mambo manane mara vidokezo viwili ni vidokezo 16. Vituo vinne vitabeba vidokezo vitatu kila kimoja, na viwili vilivyobaki vitabeba viwili viwili.

Kisha fanya jaribio la kupotea. Futa kwa muda safu ya kituo cha kwanza, uone kama kuna mstari wowote uliobaki na sifuri. Irudishe, ufute ya pili, na uendelee hivyo hadi ya sita. Kazi hii haizidi dakika kumi, nayo ni bima bora kuliko kuchapisha nakala za ziada.

Vidokezo viwili vya jambo moja visiwe vya aina moja. Kama cha kwanza ni orodha ya waliokabidhiwa funguo, cha pili kiwe barua ya Mpiga Picha akilalamika kwamba kila mara lazima amsubiri mtu wa kumfungulia kabati. Anayependa orodha atakamata ya kwanza. Anayependa kusoma tabia za watu atakamata ya pili.

Kuhusu vidokezo vya kupotosha, ushauri wangu ni kuweka kimoja au kutokuweka kabisa. Washiriki hujipotosha wenyewe vya kutosha.

Hatua ya 4: Tembea njia ukiwa peke yako

Mtu mzima hutembea kilomita 5 hivi kwa saa akiwa na haraka kidogo. Kikundi chenye watoto kinachosimama kila mara huenda kilomita 3 au pungufu. Kwa hiyo njia ya kilomita 2 itachukua dakika 40 za kutembea. Ongeza dakika 10 kwa kila kituo, yaani saa nzima kwa vituo sita, na dakika 20 za kujadili hukumu. Jumla ni saa mbili. Wengi wanaosema mchezo wao ulichosha walipanga njia ya kilomita 4 wakidhani urefu ndio utamu.

Chagua alama zisizohama: daraja, kibao cha ramani, mti mkubwa, benchi lililofungwa kwa saruji, lango. Usitumie magari yaliyoegeshwa, mabango ya matangazo, maua yanayochanua, wala vivuli. Jua husogea angani nyuzi 15 kila saa, hivyo kivuli ulichokipima asubuhi kitakuwa kimehama sana kikundi kitakapofika.

Usitegemee GPS ya simu kutafuta kitu kidogo. Mahali pa wazi simu huweza kukosea kwa mita 5 hivi, na chini ya miti minene au kando ya majengo marefu kosa huongezeka. Itumie kufika eneo, kisha maneno ndiyo yaelekeze: "upande wa daraja unaotazama lango, chini ya reli ya mkono wa kulia."

Omba ruhusa ya wasimamizi wa eneo. Usifukie kitu ardhini, usipigilie misumari mitini, na usiweke kitu karibu na masanduku ya umeme, ukingo wa maji au kando ya barabara. Kifurushi kisicho na mwenye nacho huwatia watu hofu, kwa hivyo tumia mfuko angavu ambao kila mpita njia anaona kilichomo, na uandike juu yake kwamba ni mchezo, utaondolewa siku hiyohiyo, pamoja na namba ya simu ya mwandaaji.

Hatua ya 5: Andika vidokezo

Kanuni moja ya haki itangulie, na iandikwe waziwazi katika barua ya ufunguzi: mkosaji anaweza kusema uongo, wengine wote wanasema kweli. Bila kanuni hii kauli hazina thamani, kwa kuwa kila mtu anaweza kuwa anadanganya na hakuna pa kuanzia. Ikiwepo, kila mgongano kati ya kauli na kitu huwa ni dalili.

Sasa uongo wa Dereva unaweza kufanya kazi. Anaandika katika maelezo yake: "Saa tisa nilikuwa uwanjani nikiosha gari." Kituo kingine kina daftari la mlinzi linaloonyesha kwamba Dereva aliingia jengoni saa nane na dakika hamsini na kutoka saa tisa na robo. Kituo cha tatu kina kadi ya bomba la uwanjani inayosema maji yalifungwa mchana kutwa. Hakuna sentensi hata moja inayomtaja kama mwizi. Kikundi kitafika huko chenyewe, na hapo ndipo penye raha ya mchezo huu.

Kwa mkono wa kushoto, tumia vitu badala ya maelezo. Mtu wa mkono wa kushoto anapoandika kutoka kushoto kwenda kulia, mkono hupita juu ya wino ambao haujakauka, na maandishi huchafuka. Andika barua ya mwizi kwa kalamu yenye wino mwingi, kisha ipanguse kwa ubavu wa mkono kuelekea kulia. Kidokezo cha pili kinaweza kuwa mchoro wa kabati la klabu wenye alama ya mkono wa kushoto kwenye vumbi la mlango wake. Hakikisha mchoro unaonyesha dole gumba waziwazi, maana washiriki wataizungusha karatasi pande zote.

Andika maelezo ya washukiwa kwa mistari isiyozidi minane kila moja. Karatasi ndefu inayosomwa kwa sauti katikati ya upepo humwacha kila mtu nyuma isipokuwa aliyeishika. Tumia herufi za ukubwa wa pointi 14.

Usiunganishe vituo kama mnyororo, yaani jibu la kituo cha kwanza liwe ndilo linaloonyesha kilipo cha pili. Wape ramani yenye vituo vyote sita tangu mwanzo. Kiungo kimoja kikikatika katika mnyororo, mchezo wote husimama. Zaidi ya hayo, vituo huru huruhusu vikundi viwili au vitatu kuanzia sehemu tofauti bila kupangana foleni.

Hatua ya 6: Maandishi ya siri, kwa alfabeti ya Kiswahili

Fumbo moja la herufi latosha, tena lifungue kidokezo cha ziada na si kidokezo cha lazima.

Njia nyepesi ni kusogeza kila herufi nafasi tatu mbele: A inakuwa D, B inakuwa E, na kadhalika. Tatizo hutokea kwa waandaaji wanaotumia vifaa vya mtandaoni, kwa kuwa vingi vimetengenezwa kwa herufi 26, ilhali alfabeti ya Kiswahili ina 24, bila Q wala X. Ukificha neno DARAJANI kwa herufi 26 utapata GDUDMDQL. Kwa herufi 24 utapata GDUDMDRL. Mshiriki aliyejiandikia alfabeti yake ya kawaida ubavuni mwa karatasi hatajua Q imetoka wapi, na atapoteza robo saa akidhani amekosea kuhesabu.

Tengeneza katika Calc mistari miwili ya herufi 24, wa juu wa kawaida na wa chini uliosogezwa, na ufiche ujumbe kwa mkono ukifuata mistari hiyo. Kwa mfano TAZAMA DARAJANI inakuwa WDCDPD GDUDMDRL. Kisha mpe mtu mwingine aufichue bila kuona jedwali lako. Wewe mwenyewe huwezi kuona makosa yako kwa sababu tayari unajua ujumbe unasema nini.

Usiogope kwamba fumbo ni gumu. Kiswahili hujifichua kwa urahisi: karibu kila neno huishia na irabu, na A ndiyo herufi inayojitokeza zaidi. Katika ujumbe wetu wa herufi 14, D imetokea mara sita na imefunga neno la kwanza. Mshiriki makini ataikisia A bila kupewa ufunguo, na zilizobaki zitamfuata. Kwa watoto andika tu pembeni "D = A" uwaache waendelee.

Hatua ya 7: Tayarisha bahasha za msaada

Kwa kila kituo andaa bahasha tatu ndogo zilizobandikwa. Ya kwanza inasema watazame wapi. Ya pili inasema walinganishe nini na nini. Ya tatu inatoa jibu kamili la kituo hicho. Kikundi kinaamua chenyewe lini kifungue, kwa gharama ya pointi, au ya dakika tatu za kungoja.

Bahasha hizi zinamtoa mwandaaji katika kazi ya kunong'ona. Msaada unaotolewa kwa mdomo hautoshani: mtoto wa mwandaaji hupata mwingi, mgeni hupata kidogo, na manung'uniko huanza.

Hatua ya 8: Kutengeneza faili na kuchapisha

Weka kila kitu katika folda moja, na uzipe faili majina yasiyosema kitu: kituo-1, kituo-2, na kuendelea. Nimewahi kuona mchezo mzuri ukiishia sebuleni kwa sababu jina la faili lilisomeka juu ya skrini ya kompyuta ya familia.

Kama utatuma nyaraka kwa simu badala ya karatasi, toa PDF na ukague sifa zake, hasa kichwa cha waraka. Usifiche neno kwa kulifunika kwa kisanduku cheusi. Maandishi yaliyo chini yake mara nyingi hubaki katika faili, na mtu akiyachagua na kuyanakili mahali pengine yatasomeka. Futa neno lenyewe kwanza, kisha weka kisanduku.

Misimbo ya QR inapendeza watoto, lakini ina masharti yake. Msimbo wenye maandishi ndani yake husomeka bila intaneti. Msimbo wenye kiungo huhitaji intaneti, na bustani nyingi zina maeneo ambako mtandao hushuka. Tumia maandishi mafupi, kwa kuwa kadiri yanavyozidi ndivyo visanduku vinavyozidi kuwa vidogo. Chapisha kwa upana usiopungua sentimita 3, weusi juu ya weupe, na uache ukingo mtupu wenye upana wa visanduku vinne kila upande. Ngazi ya juu kabisa ya kusahihisha makosa, H, hustahimili uharibifu wa hadi takriban asilimia 30 ya msimbo, hivyo inafaa kwa karatasi itakayopata matope.

Wakati wa kuchapisha, chagua ukubwa halisi, asilimia 100, na si "kutosha ukurasa", hasa kama una karatasi zinazopaswa kuwekwa moja juu ya nyingine. Wino wa printa nyingi za kunyunyiza huchuruzika ukiguswa na maji. Unga wa printa za leza huyeyushwa na joto na kushika karatasi, hivyo hustahimili mvua nyepesi. Kwa vyovyote vile tumia mifuko ya plastiki.

Hatua ya 9: Jaribio la mezani

Mwite yule mtu wako. Mpe barua ya ufunguzi, kisha karatasi za kituo kimoja kimoja, kwa mpangilio usio wa kawaida, kwa mfano 4, 1, 6, 2, 5, 3. Mwambie afikiri kwa sauti. Wewe nyamaza kabisa na uandike.

Andika mambo matatu: mahali aliposoma mara mbili, kidokezo ambacho hakukigusa tena, na wakati alipomtaja Dereva kwa mara ya kwanza akiwa na sababu. Akimtaja kabla ya kituo cha tatu, kuna kidokezo kinachopiga kelele, kilainishe. Akimaliza vituo vyote sita na bado ana washukiwa watatu, rudi kwenye jedwali la Hatua ya 3. Akimtaja mtu mwingine kwa hoja nzuri, hiyo ndiyo habari muhimu kuliko zote: hoja yake inaweza kuwa sahihi, na kisa chako kina majibu mawili.

Kishawishi cha kumfafanulia kitakuwa kikubwa. Kila neno utakalolisema mdomoni ni neno linalokosekana kwenye karatasi, kwa hiyo liandike huko.

Jaribio limefaulu ikiwa amemfikia Dereva katika kituo cha tano au cha sita, na anaweza kueleza kwa nini kila mmoja wa wale wanne si yeye.

Hatua ya 10: Siku yenyewe

Tandaza vituo asubuhi ileile, si usiku wa kuamkia. Piga picha kila kituo baada ya kukiweka, ili ujue kilivyokuwa kama mtu atakihamisha. Beba seti moja kamili ya karatasi za akiba, betri ya ziada ya simu, maji na vifaa vya huduma ya kwanza.

Soma barua ya ufunguzi kwa sauti mbele ya wote, ukirudia kanuni ya uongo na mipaka ya eneo. Eleza pia kwamba karatasi husomwa na kuachwa pale pale ilipokutwa. Kila kikundi kinabeba daftari lake tu na jedwali tupu la washukiwa. Jedwali hilo tupu ni msaada mkubwa kwa wasiozoea, kwa sababu linawaonyesha kwamba kazi yao ni kuondoa watu mmoja baada ya mwingine, wala si kukisia.

Vikundi vinavyoanza pamoja vipelekwe kwenye vituo tofauti: cha kwanza kianzie kituo cha 1, cha pili kituo cha 3, cha tatu kituo cha 5, kisha wote wazunguke kwa upande uleule.

Saa ya mwisho ikifika, usikubali jina tupu. Kila kikundi kiandike jina la mkosaji pamoja na sababu ya kumwondoa kila asiye na hatia, pointi moja kwa jina sahihi na pointi moja kwa kila sababu iliyo na ushahidi. Aliyebahatisha Dereva bila sababu atapata pointi moja kati ya tano, na kikundi kilichomkosa lakini kikawaondoa watatu kwa ushahidi kitakuwa mbele yake. Soma sababu hizo kwa sauti kabla ya kufungua bahasha ya hukumu. Mabishano yatakayozuka hapo ndiyo watu watakayoyazungumzia wakirudi nyumbani, kwa hiyo usiyakatize upesi.

Baada ya hukumu zunguka na orodha yako ukiondoa karatasi, mifuko na kamba, na ulinganishe idadi na ile uliyotandaza. Karatasi yoyote itakayopungua, angalia kwenye picha za asubuhi ilikuwa wapi. Halafu, kabla hujazima kompyuta usiku huo, andika ndani ya folda ni bahasha zipi za msaada zilizofunguliwa na katika kituo gani, kwa sababu kisa hikihiki kinaweza kuchezwa na kundi jingine, na kituo kilichofunguliwa bahasha tatu na kila kikundi ndicho kinachohitaji kuandikwa upya.